Kuchapisha Bila Kuitwa: Tahakiki ya Orodha za Istilahi za Kiswahili Katika Enzi ya Huduma za Wavuti

Utangulizi

Makala haya yanahakiki tabia moja iliyozoeleka miongoni mwa wanaleksikografia na asasi za Kiswahili katika ukanda wetu: tabia ya kuihesabu kazi ya istilahi kuwa imekamilika pindi kitabu kinapotoka mtamboni au faili la PDF linapopandishwa kwenye tovuti. Hoja yangu ni kwamba orodha iliyoandaliwa kwa ajili ya jicho la mtu pekee haijamfikia msomaji mwingine ambaye leo ana nguvu kubwa juu ya lugha, yaani programu ya kompyuta inayosahihisha tahajia, kutafsiri, kupanga data na kujaza fomu kwa niaba ya watu. Programu hiyo haifungui kitabu. Huita huduma. Pale ambapo huduma iliyotungwa na wajuzi wa Kiswahili haipo, huita ile iliyopo, na uamuzi wa aliyeitunga hugeuka kuwa usanifishaji kwa vitendo, hata kama hakukusudia kusanifisha chochote.

Sitazitaja asasi kwa majina, kwa kuwa kosa hili ni letu sote. Nami nimo miongoni mwa walioandaa orodha za namna hiyo. Nitakachofanya ni kuchukua huduma moja sahili kabisa, ile inayopokea nomino na kurudisha ngeli na wingi wake, kisha niifuate katika kuundwa, kutangazwa na kuitwa kwake. Katika kila hatua tutakuta uamuzi wa kiisimu ambao mhandisi huufanya peke yake kwa sababu mwanaisimu hayupo mezani.

Huduma, mteja na kuchapisha: istilahi zinazopotosha

Huduma ya wavuti ni programu inayokaa kwenye seva, ikiwa na anwani yake, na kusubiri programu nyingine iiombe jambo. Ombi husafiri kwa itifaki ileile ya HTTP inayotumiwa na kivinjari kuleta ukurasa. Tofauti ni kwamba jibu halikupambwa kwa ajili ya macho ya mtu: halina rangi, picha wala kichwa cha habari. Ni data iliyopangwa kwa utaratibu ambao pande mbili zimekubaliana, siku hizi aghalabu kwa muundo wa JSON.

Istilahi tulizonazo kwa jambo hili zinahitaji kutazamwa upya. Neno huduma, katika matumizi ya kila siku, humleta akilini mtumishi aliyekaa nyuma ya dirisha; nchini Kenya vituo vya serikali vya Huduma vimelifanya kuwa karibu jina la jengo. Neno mteja lina matatizo zaidi. Wahandisi huuita hivyo upande unaoomba, ilhali mteja tunayemfahamu hulipa, na mara kwa mara sauti ya simu hutuarifu kwamba hapatikani kwa sasa. Katika simu mteja ndiye anayetafutwa. Katika huduma ya wavuti mteja ndiye anayetafuta. Mwanafunzi anayepewa neno hilohilo kwa dhana mbili zinazopingana hana budi kuikariri moja bila kuielewa. Katika makala haya natumia mwitaji, kwa kuwa kitenzi kuita kimeshazoeleka katika ufundishaji wa programu na kina mwenzake wa asili, kuitika.

Kuchapisha nako kumebeba mambo mawili. La kwanza ni kuifanya programu ianze kufanya kazi kwenye seva ili ifikiwe, jambo ambalo wasemaji wameshalipatia usemi wao: kuweka hewani. La pili ni kuutangaza mkataba wa huduma, yaani kuueleza umma anwani yake, namna ya kuomba, na umbo la jibu. Huduma inaweza kuwa hewani bila mkataba wake kutangazwa, na mkataba unaweza kutangazwa huku huduma ikiwa imezimwa. Kuyaita yote mawili kuchapisha ni kuuficha udhaifu ambao tahakiki hii inaukusudia.

Historia ya teknolojia yenyewe ina funzo hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ufundishaji wa huduma za wavuti ulisimama juu ya hatua tatu: mtoaji anaitangaza huduma katika daftari la pamoja, mhitaji anaitafuta humo, kisha anaiita. Daftari hilo, lililojulikana kama UDDI, lilianzishwa mwaka 2000 na kampuni za Ariba, IBM na Microsoft. Daftari la umma lilifungwa Januari 2006. Itifaki ya SOAP na lugha ya WSDL ya kuelezea mikataba ziliendelea kutumika katika mabenki na serikali, lakini daftari la kutangazia huduma kwa dunia nzima halikupata mahali pake katika kazi za kila siku za waundaji programu. Waliendelea kuita huduma walizozijua kwa njia nyingine. Orodha zetu za istilahi zinafanana sana na daftari lile, kwa kuwa zimeorodhesha maneno ambayo hakuna anayeyafuata humo.

Kuunda: nomino moja, majibu mangapi?

Mtu anayeifahamu lugha ya Python na maktaba kama Flask anaweza kuunda huduma yetu kwa nusu siku. Anahitaji jedwali la nomino, kitendakazi kinacholitafuta neno katika jedwali, na njia ya kulipokea neno hilo kupitia anwani, tuseme /nomino/kitabu. Jibu litakuwa hivi:

{"nomino": "kitabu", "ngeli": "KI-VI", "wingi": "vitabu"}

Ugumu hauko katika programu bali katika jedwali. Nilipojaribu kulijenga kutokana na orodha ya istilahi iliyotolewa na asasi moja ya ukanda huu, kikwazo cha kwanza kilikuwa PDF yenyewe. Kurasa zilikuwa na safu mbili, na programu ya kuchopoa maandishi ilisoma mstari kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo istilahi ya Kiingereza ya safu ya kushoto ikapewa kisawe cha Kiswahili cha safu ya kulia. Maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari yalitoka yakiwa vipande viwili.

Kikwazo cha pili kilikuwa ng'. Alama hiyo ndogo, ambayo mwalimu wa shule ya msingi huifundisha kwa dakika chache, ina sura zaidi ya moja katika mfumo wa Unicode. Kibodi hutoa alama iliyonyooka, yenye namba U+0027. Programu ya kuandikia hati huigeuza kimyakimya kuwa ile iliyopinda, U+2019. Kwa jicho, ng'ombe ni ng'ombe tu. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti, na mwitaji aliyeuliza kwa alama iliyonyooka ataambiwa neno halipo, ilhali limo katika jedwali kwa alama iliyopinda. Sijakutana na mwongozo wowote wa tahajia ya Kiswahili unaosema ni ipi kati ya alama hizo iliyo sanifu. Mhandisi huamua, na kila mhandisi huamua lake.

Kisha huja isimu yenyewe. Kiongozi kina umbo la KI-VI, lakini husemwa kiongozi amefika na viongozi wamefika. Mkataba wenye uga mmoja uitwao ngeli unalazimisha kuchagua kati ya umbo na upatanisho, na vyovyote utakavyochagua, mwitaji mmoja atapotoshwa: anayetaka kuunda wingi anahitaji umbo, anayetaka kuunda sentensi anahitaji upatanisho. Rafiki ni mgumu zaidi, kwa kuwa tunasema rafiki yangu amefika, na vipatanishi viwili vinakaa katika kirai na sentensi ileile bila ugomvi. Aidha, kuna suala la majina ya ngeli. Vitabu vya shule vya Kenya na Tanzania hutumia vipatanishi, kama A-WA na LI-YA, lakini havilingani katika idadi wala mipaka ya ngeli zote. Isimu ya Kibantu kwa upande wake hutumia namba, na kitabu kikawa ngeli ya 7 na vitabu ngeli ya 8. Katika makala ya kitaaluma tofauti hizi huelezwa kwa aya moja. Katika huduma hazielezwi, lazima zichaguliwe.

Kutangaza: mkataba haurekebishwi kimyakimya

Tuseme huduma imewekwa hewani na mkataba wake umetangazwa: kila nomino itarudishiwa jibu moja lenye nyuga tatu. Siku ya pili mwitaji anauliza kuhusu paa. Paa anayekimbia porini ni wa A-WA na wingi wake ni paa. Paa la nyumba ni la LI-YA na wingi wake ni mapaa. Ndege naye huruka kama kiumbe au kama chombo, na upatanisho ukabadilika. Jibu moja halitoshi. Lazima lirudishwe orodha ya majibu.

Mwanaleksikografia angesema: tutarekebisha katika toleo lijalo. Kwa kitabu jambo hilo halina madhara. Mwenye toleo la 1981 la Kamusi ya Kiswahili Sanifu anaendelea kulisoma hata baada ya toleo la 2004 na la 2013 kutoka. Kwa huduma hali ni tofauti. Programu iliyoandikwa kupokea jibu moja, ikipewa orodha, huanguka. Anayeumia si mtungaji wa huduma bali mtumiaji wa mwisho, mathalani mwalimu ambaye zana yake ya mazoezi imeacha kufanya kazi asubuhi ya mtihani na hajui ni kwa nini. Ndiyo sababu watunzi makini huweka namba ya toleo ndani ya anwani yenyewe, na kuliacha toleo la kwanza liendelee kuitika huku la pili likitangazwa.

Nadhani hapa ndipo mwanaisimu anapaswa kuingia mapema zaidi kuliko tunavyodhani. Mhandisi asiyejua Kiswahili hatagundua tatizo la paa mpaka waitaji waongezeke. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili angemweleza siku ya kwanza. Umbo la jibu ni nadharia ya lugha iliyofupishwa katika mistari michache. Anayesema nomino moja ina ngeli moja ametoa dai la kiisimu, na dai hilo ni la uongo.

Lipo pia suala la haki. Orodha nyingi hutolewa bila kauli yoyote kuhusu matumizi yake zaidi ya alama ya hakimiliki. Msomaji wa kitabu haathiriki. Mtungaji wa programu anayetaka kuyachukua maneno hayo na kuyaweka katika zana yake hajui kama anaruhusiwa, na aliye mwangalifu huacha. Asiye mwangalifu huchukua bila kutaja chanzo, na hapo asasi hupoteza hata sifa ya kazi yake.

Kuita: kati ya halipo na halipatikani

Jibu la HTTP huja na namba ya hali. 200 humaanisha ombi limetimizwa. 404 humaanisha kilichoombwa hakikuonekana kwenye anwani ile. 410 humaanisha kilikuwepo na kimeondolewa kwa kudumu. 503 humaanisha seva haiwezi kuhudumia kwa sasa. Tafsiri ya haraka itaweka haipatikani kwa zote tatu za mwisho, na hapo tutakuwa tumeipoteza tofauti ambayo Kiswahili kinaimudu vyema: haipo, haipo tena, haipatikani kwa sasa. Mwitaji aliyeambiwa haipatikani kwa sasa atajaribu tena baadaye; aliyeambiwa haipo tena anapaswa kuacha.

Lakini lililo zito zaidi ni maana ya 404 katika huduma ya maneno. Mtu akiuliza /nomino/mutoto, huduma yetu itajibu kwamba neno halipo. Halipo wapi? Halimo katika jedwali letu. Programu ya kusahihisha tahajia iliyoita huduma hiyo haitasema hivyo. Itapiga mstari mwekundu chini ya neno, na mwandishi wa Lubumbashi atasoma kwamba alichokiandika si Kiswahili. Kati ya jedwali halinalo na lugha hailijui kuna umbali mkubwa, na namba moja ya tarakimu tatu imeufuta. Huduma iliyotungwa kwa uangalifu ingerudisha 200 pamoja na maelezo: umbo hili halimo katika orodha sanifu, lipo katika Kiswahili cha Kongo, na umbo sanifu linalolingana nalo ni mtoto. Kufanya hivyo hakuhitaji teknolojia mpya. Kunahitaji mtu aliyekusanya data ya Kongo na uga mmoja zaidi katika mkataba.

Nani yumo katika msimbo wa lugha

Mwitaji anaweza kutaja katika ombi lake lugha na eneo anakotaka kuhudumiwa. Katika kiwango cha ISO 639-3, Kiswahili ni lugha-kuu yenye msimbo swa, na chini yake zimo mbili: swh kwa Kiswahili na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Hazina ya CLDR, inayotumiwa na simu na kompyuta kuonyesha tarehe, namba na majina ya miezi, ina data ya jumla ya Kiswahili, ambayo msingi wake ni Tanzania, pamoja na maumbo ya Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msimbo sw-RW unaweza kuandikwa bila kosa lolote la kisarufi ya misimbo, vivyo hivyo sw-BI. Lakini pasipo data nyuma yake, programu hurudi kwenye ile ya jumla.

Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Katiba ya Uganda iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005. Hatua hizi za kisiasa tumezisherehekea katika makongamano kama hili, na ilistahili. Hata hivyo, simu iliyoko mkononi mwa mtumishi wa umma wa Kigali haijui sheria hiyo. Sidai kwamba Rwanda inahitaji majina yake ya miezi, pengine haihitaji. Nadai kwamba uamuzi wa kuhitaji au kutohitaji unapaswa kufanywa na wanaohusika, na milango ya kufanyia uamuzi huo iko wazi, kwani CLDR hupokea michango ya lugha kutoka kwa wazungumzaji na taasisi. Kukosekana kwetu mle hakuwezi kulaumiwa kwa kampuni za ng'ambo pekee.

Pingamizi linalotarajiwa ni la gharama. Kuunda huduma ya aina hii ni rahisi kuliko kuchapa kitabu. Kuitunza ndiko kugumu. Kitabu kikishatoka hakidai umeme. Huduma hudai seva, jina la kikoa linalolipiwa kila mwaka, na mtu wa kuitika inapoanguka. Miradi yetu hufadhiliwa kwa muda maalumu, na baada ya hapo anwani hufa. Aliyejenga zana yake juu ya anwani hiyo hatarudi kwetu mara ya pili. Kwa washauri wa sera waliomo ukumbini, ombi langu ni finyu: hadidu za rejea za mradi wowote wa istilahi zitaje nani ataitunza anwani baada ya fedha za mradi kwisha, zidai jedwali litolewe pia kama faili la data lenye kauli ya wazi ya leseni, na zimpe mwanaisimu mamlaka ya kuidhinisha mkataba wa huduma kabla haujatangazwa. Faili la data likiwepo kwa leseni ya wazi, hata seva yetu ikizimika mwingine anaweza kuiwasha yake.

Limebaki suala la visawe, ambalo limetugharimu mijadala mirefu. Kitabu cha istilahi hulazimika kuchagua kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kuchagua kwake huzua malalamiko upande mmoja au mwingine wa mpaka. Huduma hailazimiki, inaweza kurudisha yote matatu, kila moja likiwa na alama ya mahali linapotumika na asasi iliyolipitisha. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani suluhisho la mvutano wa kikanda limepatikana. Baadaye nikatazama jinsi waitaji wanavyoandika programu zao: wengi huchukua jibu la kwanza katika orodha na kuyaacha mengine. Hivyo mpangilio wa orodha ndio usanifishaji wenyewe, na unapaswa kujadiliwa kwa uzito uleule tunaoutoa kwa vidahizo vya kamusi. Pendekezo langu ni kwamba mkataba umtake mwitaji ataje eneo lake, na asipolitaja, apewe visawe kwa mpangilio wa alfabeti. Natambua kwamba kwa mfano huu kompyuta itatangulia na tarakilishi itashika mkia, na kwamba wenzetu wa Kenya hawatakosa la kusema.